Mita ya Nyumba Tupu

Miaka ile kazi yangu ilikuwa kusoma mita. Vijana nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani ni kazi ya kusimama na kutazama ukuta. Lakini Embu ya wakati wa Hali ya Hatari, kusoma mita ilikuwa kazi ya miguu. Nilipewa kaptula ya kaki, buku jekundu, penseli iliyofungwa kwa uzi, na barua yenye mhuri iliyosema nina ruhusa ya kuingia nyua za wazungu. Mbwa wao hawakujua kusoma.

Nyumba zenye stima hazikuwa nyingi. Kulikuwa na hospitali, ofisi, maduka ya Wahindi, na mstari wa nyumba za wakubwa upande wa juu wa mji. Sisi tulioisoma stima hiyo tulilala na vibatari, na kafyu ikiingia hata vibatari hivyo tulivipuliza. Mimi ni Mmeru wa Igembe. Embu nilikuwa kwa kibali, na kibali changu kiligongwa mhuri upya kila mwisho wa mwezi, wakipenda. Ninalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililokuwa kichwani mwangu kila nilipoandika neno lolote kwenye lile buku. Halinitetei.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja wa kazi za barabara. Mwisho wa Februari yeye na mkewe walikwenda likizo kwao ng'ambo, miezi sita mizima. Walifunika viti kwa mashuka, wakafunga madirisha, wakamwachia mpishi wao kila kitu. Mpishi alikuwa mtu wa Mbeere, kule nyika ya chini, umri wa baba yangu, mrefu na mkavu, mtu wa maneno machache sana. Alilala kwenye chumba cha nyuma kilichojengwa kwa mabati, na chumba hicho hakikuwa hata na waya.

Mwisho wa Machi nilikwenda kuisoma mita nikitarajia kukuta mishale pale pale nilipoiacha. Nikakuta imesogea. Yuniti kama thelathini. Mita za siku zile zilikuwa na visaa vidogo vinne, kimoja kinazunguka kulia, cha pili kushoto, na mgeni wa kazi hukosea kila siku. Nikajiambia nimekosea mwezi uliopita. Nikaandika namba, nikafunga buku, nikaenda zangu.

Mwisho wa Aprili zilikuwa thelathini nyingine. Hapo sikuwa na mahali pa kujificha, maana namba mbili zinazofanana si kosa la macho.

Bwana wa mtambo wa stima, mkubwa wangu, aliitazama ile mistari miwili akaivuta pua yake. "Nyumba hapana watu," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "stima nakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Lakini mwaka ule swali la stima halikukaa kwenye stima. Msitu wa mlima haukuwa mbali, na taa ndani ya nyumba tupu ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu anafichwa, au analishwa, au ana redio ya kuzungumza na wapiganaji waliomo msituni. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika ofisi ya usalama. Mpishi akaitwa. Akaulizwa nani anatumia stima. Akasema hajui. Akaulizwa mara ya pili kwa namna ambayo sikuiona, ila nilimwona kesho yake akichechemea. Akaambiwa amepewa hadi Jumamosi saa sita. Ile mita isipopata maelezo, atanyang'anywa karatasi yake ya utiifu na kupanda lori la kambi ya kizuizini.

Waliopanda lori lile niliwajua wengi. Wengine walirudi baada ya miaka, wengine tunawangoja mpaka leo. Na aliyeanzisha yote hayo ni mimi. Sikumshitaki mtu, niliandika namba tu, na hilo limenichosha kulieleza miaka yote kwa sababu kila nikilieleza halinisafishi.

Pale mtamboni wiki ile kila mtu alikuwa na methali moja mdomoni: kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake mpishi. Hakuna aliyetaja mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi nikatumwa kwenda kuchunguza. "Wewe tafuta," bwana akasema. "Hapana rudi hapa na maneno mingi." Akaniazima saa yake ya mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nami nikajiona fundi mkubwa.

Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mpishi alinifungulia mlango wa jikoni, akanipa kiti na kikombe cha uji wa mawele uliochachuka, ule tunaouita ucuru kwetu na kwao pia. Nilikunywa nikiwa nimesimama. Sikutaka kuonekana nimeketi na mtu anayeshukiwa. Leo naona aibu kwa ajili ya kile kiti kuliko mambo mengine makubwa niliyoyafanya.

Nikaenda kwenye mita verandani. Ndani ya kioo kuna kisahani cha bati chenye alama nyekundu pembeni, stima ikipita kinazunguka. Kilikuwa kinazunguka, polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Nikazima swichi kubwa. Kikasimama. Basi mita haikuwa mbovu, na waya kutoka nguzoni haukuwa unavuja. Nikawasha. Kikaanza tena. Nikapima kwa ile saa: mzunguko mmoja, dakika mbili na nusu. Nikangoja. Mzunguko wa pili, dakika mbili na nusu. Wa tatu vile vile.

Hapo nilielewa jambo moja. Mtu anayetumia stima hula kwa vipindi, anawasha, anazima, analala. Hiki kilichokuwa humo ndani hakilali. Kilikuwa kitu kidogo kinachokula usiku na mchana bila kuongeza wala kupunguza. Pasi ingekizungusha kisahani mbio. Jiko ndiyo usiseme. Nilimwambia mpishi, "Mzee, hii si mtu. Ni kitu kimeachwa kinawaka."

"Mimi sijaona kitu inawaka," akasema. "Kila jioni nazunguka nyumba yote. Ni giza tu."

Nikaanza kutoa fyuzi moja moja. Ya jikoni, kisahani kikaendelea. Ya sebuleni, kikaendelea. Ya chumba cha kulala, kikasimama. Nikazirudisha zote.

Tukaingia chumba cha kulala, yeye mbele, mimi nyuma. Kitanda kilikuwa kimefunikwa, balbu ya darini imetolewa kabisa, taa ya kando ya kitanda imechomolewa na waya wake umekunjwa vizuri. Hapakuwa na kitu kingine isipokuwa kabati la nguo la mama mwenye nyumba, kubwa, la mbao nzito, limesukumwa hadi ukutani kabisa. Nilipoinama kuchungulia nyuma yake, niliona soketi, na waya mweusi unatoka kwenye soketi unaingia kabatini kupitia tundu lililotobolewa kwa keekee.

Nikainuka. Mpishi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kabati.

"Fungua, mzee."

"Hii hapana."

"Waya umeingia humo."

"Nimeona. Lakini hii kitu niliwekewa. Mama aliniambia, hii funguo nakupatia wewe, usifungue, usipatie mtu. Yeye mwenyewe ndiye atafungua."

"Kuna nini ndani?"

"Sijui. Sikuuliza."

Nilimtazama usoni. Nitasema ukweli: nilimshuku. Niliona redio, niliona bunduki, niliona mimi mwenyewe nikisimamishwa mbele ya meza na kuulizwa kwa nini nilikunywa uji wake. Nikamwambia kwamba Jumamosi watavunja kwa shoka. Akasema wao wakivunja ni wamevunja wao. Nikamwambia watampeleka kambini. Akasema, "Kijana yangu, hayo nimeshaambiwa," na akaendelea kusimama pale pale.

Jioni ile, kabla ya kafyu, nilitakiwa kujaza buku la hitilafu na kuliacha mezani kwa bwana. Ningeweza kuandika, "Hitilafu iko chumba cha kulala, uchunguzi unaendelea." Yangetosha, tena yangekuwa kweli. Lakini mhuri wangu ulikuwa haujagongwa, mwezi ulikuwa umekwisha, na nilitaka lionekane buku la mtu asiyeficha. Nikaandika: "Waya umeingia kabati lililofungwa. Mpishi amekataa kufungua." Nikaweka nukta. Nikaenda kulala nikiwa nimechoka, na nililala vizuri.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nanawa uso nilipomkumbuka baba yangu. Kwetu Igembe, na hata kwao Mbeere, mtu hakai na mbuzi wake wote zizini mwake. Huwagawa, huwaweka kwa marafiki mbali mbali, ili ugonjwa ukija au maadui wakija wasiishe wote. Aliyewekewa haongei. Ukimuuliza mbuzi yule mweusi ni wa nani, anakuambia ni mbuzi. Hata mtoto wa mwenye mali akiuliza haambiwi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuwahesabu kwa sauti mbuzi waliowekwa kwetu, na baba alinichapa kofi ambalo sikulielewa mpaka nikawa mtu mzima. Basi huyu mzee hakuwa akinificha redio. Alikuwa amewekewa, na neno lile alikuwa ameniambia waziwazi, mbele ya uso wangu. Mzungu asingelielewa. Mimi nililielewa na nikaliandika kama kwamba sikulielewa.

Lakini desturi ile ina mlango wake. Mbuzi akifa mikononi mwako, humngoji mwenyewe arudi. Unamchuna, unahifadhi ngozi, unampelekea kama ushahidi kwamba hukumla. Na akiugua unaweza kuita jirani aje aone, asije akasema ulinyamaza mali yake ikifa.

Nilikwenda bila kunywa chai. Nilimkuta akifagia majani verandani.

"Mzee," nikamwambia, "mbuzi wa mtu akiugua nyumbani kwako, unafunga mlango?"

Aliacha kufagia.

"Kuna kitu kinawaka ndani ya kabati la mama. Waya ukishika moto, nguo zinaungua, nyumba inaungua. Utamwambia nini? Kwamba ulitunza funguo?"

Kisha akaegemeza ufagio ukutani, akaingia chumbani kwake, akarudi na funguo iliyofungwa kwenye kitambaa. Mbele ya kabati akasema, "Wewe angalia waya. Nguo za mama usiangalie." Akafungua huku uso ameugeuzia dirishani, mtu mzima, kana kwamba mama mwenyewe yumo ndani amevaa kanzu ya kulalia.

Kukatoka joto zuri na harufu ya dawa ya nondo. Chini kabisa, katikati ya viatu vilivyopangwa, kwenye kijisanduku cha waya, kulikuwa na balbu moja inawaka. Hapakuwa na kitu kingine. Balbu ndogo ya manjano, na magauni yamening'inia juu yake yakiota moto.

Nilicheka. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Mpishi hakucheka. Alisema, "Labda mama aliiacha kwa maana yake. Usiiguse."

"Mzee, hii ndiyo inataka kukupeleka kambini. Lazima waione."

Nikaifungua kwa leso, ilikuwa ya moto, nikaitia mfukoni. Yeye akafunga kabati, akaifunga tena ile funguo kwenye kitambaa chake, akaitia ndani ya shati. Nikashuka mlima mbio, mvua ikininyeshea, na sidhani kama niliwahi kuwa na furaha namna ile katika kazi ile.

Bwana wa mtambo aliiona balbu akapiga meza kwa kicheko. Alijua mara moja. "Hii ya ukungu! Mvua nakuja, viatu nafanya ukungu. Memsahib yangu pia naweka. Nyumba yote ya juu naweka." Kila nyumba ya mstari ule ilikuwa na balbu kabatini msimu wa mvua. Mkewe mwenyewe alikuwa nayo. Siku tatu mtu mzima alikuwa akitishwa kifungo, na jibu lilikuwa linawaka chumbani kwa yule anayeuliza, lakini hakuna aliyefikiria kuanza kuulizia huko. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilisema, "Ndiyo, bwana."

Akapiga simu ofisi ya usalama, akaeleza, akacheka tena kidogo, kisha akanyamaza akisikiliza. Alipoweka simu hakuwa akicheka. Mambo ya mita, akanieleza, yamekwisha, ni sawa. Lakini buku la jana lilifika kule asubuhi mapema, na buku linasema mpishi alikataa. Kukataa amri ni shauri lingine. Hawakungoja Jumamosi. Na balbu akaitia kwenye droo ya meza yake, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilikutana na lori penye njia panda ya kwenda juu. Lilikuwa limejaa, watu wameketi sakafuni, mpishi tu ndiye aliyeonekana kwa sababu ya urefu wake. Akaniona. Akaita kwa sauti, "Kijana! Umewaonyesha?"

"Nimewaonyesha, mzee!"

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kazi imekwisha, na lori likapita. Jumatatu iliyofuata kibali changu kiligongwa mhuri bila swali hata moja.

Mita ile ikasimama. Mei sifuri, Juni sifuri, Julai sifuri. Baridi ya Julai na manyunyu yake mnaijua, nguo haikauki hata ukiilalia. Niliisoma ile mita kila mwezi nikaandika sifuri zangu, na sikuwahi kukaa nikafikiri ni nini kinachoendelea ndani ya kabati lililofungwa ambalo nimelinyima moto wake. Funguo ilikuwa imepanda lori. Ningeweza kusema mtu avunje. Sikufikiri, na huo ndio ukweli wote.

Walirudi Septemba. Nilikuwa verandani na buku langu siku walipoleta seremala kuvunja kabati. Nilisikia mlango ukilia, kisha nikamsikia mama akilia. Viatu vilikuwa na manyoya ya kijani, magauni yameoza mabegani, na kulikuwa na koti moja la marehemu mama yake ambalo lilitoka vipande vipande. Alitoka nje nalo mikononi. "Nilimwachia yeye," akasema, sijui akimwambia nani, mumewe au mimi. "Nilimwamini yeye. Akaiba hata balbu."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikaandika namba, nikamsalimu, nikaondoka.

Zaidi ya miaka mitatu ilipita. Mahandaki ya kuzunguka vijiji yalianza kufukiwa, kafyu ikaondolewa, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja wakiwa na macho ya kutazama chini. Siku moja mchana nilikuwa nimekaa nje ya hoteli ya chai karibu na soko, nikaona mtu mrefu amesimama. Amekonda hadi koti linatembea lenyewe. Nilimjua kwa namna alivyosimama.

Nikampa kiti, nikamwagizia chai. Aliniuliza habari za nyumbani kwetu, za baba, za mvua ya Igembe, vyote kwa utaratibu wake. Nilimjibu yote. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama alirudi?"

"Alirudi, mzee."

"Vitu vyake alipata?"

Nikaangalia chai yangu. Nilijua jibu, na nilijua nani aliyelileta. "Alipata," nikasema. "Vyote vilikuwa vizuri."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Nilimwona akinyooka mgongo. "Basi sikula kitu ya mtu," akasema. Akamaliza chai, akasimama, akavaa kofia. "Nasikia walihamishwa Meru. Sasa nitaenda. Nitamwomba barua, anajua kazi yangu. Bila barua hakuna mtu ataniandika."

Nilimwona akilini mwangu mlangoni kwa yule mama, kofia mkononi, akiomba barua ya uaminifu. Nikasema, "Mzee, keti kwanza."

Nikamweleza. Balbu ilikuwa ya kazi gani. Kwamba niliitoa mimi na sikuirudisha. Viatu, magauni, lile koti. Na kwamba mama alisema ni yeye. Nilisema haraka haraka, nikitazama meza.

Alivua kofia, akaiweka magotini. Alipouliza, aliuliza taratibu, bila ukali wowote.

"Wakati mama anasema hivyo, wewe ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, mzee."

Akaendelea kunitazama kidogo, akingojea kama liko neno zaidi. Akainuka, akanishukuru kwa chai, akavuka barabara. Sikumwona akielekea upande wa mabasi ya Meru. Alishika njia ya kuteremka Mbeere, kwa miguu.